Kiesperanto kifundishwe shuleni, lakini kisitahiniwe

Ndugu wanajamvi, salaam.

Mwezi Agosti 2024 Kongamano la Dunia la Kiesperanto (lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa yote waelewane), la 109 kwa hesabu yao, lilifanyika Arusha. Lilikuwa la kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika tangu makongamano hayo yalipoanzia Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, mwaka 1905. Tangu wakati huo nimewasikia walimu wenzangu wa lugha wakiulizana kama lugha hii inafaa kuwa somo shuleni, na mara nyingi mjadala huzimwa kwa jibu la haraka kwamba lugha isiyo na nchi haina faida kwa mtoto. Naomba nilieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu naamini pande zote mbili zinalishika pabaya. Wanaokitetea Kiesperanto hukinadi kwa hoja ya amani ya dunia, na wanaokikataa hukipima kwa ajira, ilhali mwalimu anatakiwa aanze na swali jingine kabisa: mtoto akikaa darasani saa moja kwa wiki mwaka mzima, atatoka na nini?

Msimamo wangu ni huu. Kiesperanto kifundishwe kwa mwaka mmoja tu, kwa watoto wanaomaliza elimu ya msingi au wanaoingia kidato cha kwanza, kiwe utangulizi wa kujifunza lugha za kigeni, na kisiingizwe kamwe katika mtihani wa taifa.

Kwa wasiokifahamu, lugha hii ilibuniwa na Ludwik Zamenhof, daktari wa macho aliyezaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok, ambao leo uko Poland lakini wakati huo ulikuwa chini ya Dola ya Urusi. Warusi, Wapoland, Wajerumani na Wayahudi waliishi humo kila kundi na lugha yake, wakitazamana kwa shaka. Mwaka 1887, mjini Warsaw, alichapisha kitabu kidogo kwa Kirusi chenye kanuni 16 za sarufi na mizizi ya maneno ipatayo 900, akatumia jina la kubuni la Doktoro Esperanto, yaani daktari anayetumaini. Jina hilo ndilo lililoishia kuwa jina la lugha yenyewe.

Sasa tutazame ubao wa darasa, kwa kuwa hapo ndipo hoja yangu ilipo. Irabu za Kiesperanto ni tano: a, e, i, o, u. Kila herufi ina sauti moja isiyobadilika, na mkazo huangukia daima silabi ya pili kutoka mwisho. Huo ndio utaratibu wa Kiswahili. Mtoto wa Tanga au wa Kigoma anaweza kusoma kwa sauti ukurasa mzima katika kipindi cha kwanza, na mwalimu akawa na machache ya kusahihisha: herufi c inayotamkwa ts, na zile chache zenye alama juu, kama ĉ ambayo ni ch yetu na ŝ ambayo ni sh yetu. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo, kwani yeye huanza kwa kuacha mazoea yake ya kusoma.

Katika kipindi cha pili au cha tatu mwalimu huanza kujenga maneno. Anaandika sana, kivumishi chenye maana ya kuwa na afya. Anatanguliza mal-, kiambishi cha kinyume, na kupata malsana, kuwa mgonjwa. Anaongeza -ul-, kinachotaja mtu, na -o ambayo huhitimisha kila nomino: malsanulo, mgonjwa. Anaingiza -ej-, kiambishi cha mahali, na ubaoni panakuwa na malsanulejo, yaani hospitali. Hakuna neno hata moja hapo ambalo mwanafunzi amelikariri zaidi ya ule mzizi wa mwanzo. Kisha mwalimu anawapa mzizi lern-, wa kujifunza, na kuwaacha watafute wenyewe neno la shule. Watapata lernejo, na watakuwa na haki ya kujivunia.

Mtoto anayezungumza Kiswahili amekuwa akifanya kazi ya aina hii tangu alipoanza kusema, anapotoka kwenye soma kwenda somesha, someka, msomaji na somo, lakini mara nyingi hufundishwa viambishi kama orodha ya kukariri kwa ajili ya swali la mtihani. Anapoona lugha nyingine ikijengwa kwa mantiki hiyohiyo, tena bila tofauti za hapa na pale, anagundua kwamba kile anachokifahamu kwa mdomo ni maarifa. Ni hapa ambapo naona Kiesperanto kina mengi zaidi ya kumpa mtoto wa Afrika Mashariki kuliko hata watoto wa Ulaya waliokusudiwa kwanza.

Mfano mwingine ni kiima na yambwa. Katika Kiesperanto yambwa hubeba alama ya -n. La hundo mordas la katon: mbwa anamuuma paka. Ukigeuza mpangilio ukaandika la katon mordas la hundo, bado mbwa ndiye anayeuma, kwa sababu alama imebaki kwa paka. Nimewahi kusahihisha insha nyingi za Kiingereza ambamo mwanafunzi hawezi kutofautisha mtenda na mtendwa katika sentensi ndefu, na naamini mtoto aliyeshughulika na alama hiyo kwa wiki chache atakuwa na chombo cha kufikiria ambacho maelezo ya mwalimu peke yake hayampi.

Je, kuna ushahidi kwamba faida hii huhamia kwenye lugha nyingine? Upo, ila unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Edward Thorndike wa Chuo Kikuu cha Columbia, mwanasaikolojia wa elimu aliyeheshimika sana, alishughulikia suala hili katika miaka ya 1920, na taarifa yake ya mwaka 1933 ilionyesha kwamba wanafunzi hufika mbali katika lugha ya kubuni kwa sehemu ndogo tu ya muda ambao lugha za kawaida huhitaji. Katika miaka ya 1970 huko Paderborn, Ujerumani, Helmar Frank na wenzake waliwafundisha watoto wa shule za msingi Kiesperanto kabla ya Kiingereza, wakaeleza kwamba watoto hao waliendelea kwa kasi zaidi walipoingia kwenye Kiingereza. Uingereza nako, kuanzia miaka ya 2000, shule chache za msingi ziliendesha mpango wa kuanza na Kiesperanto kabla ya lugha nyingine, ulioitwa Springboard to Languages, ambao waanzilishi wake waliufananisha na filimbi ndogo ambayo watoto wa huko hupewa kabla ya kukabidhiwa ala ngumu za muziki.

Nasema tusome kwa uangalifu kwa sababu majaribio mengi ya namna hii yalihusu madarasa machache, na waliofundisha walikuwa watu wanaoipenda lugha kwa dhati. Mwalimu mwenye shauku hufaulisha hata somo gumu. Kwa hiyo sidai kwamba mwaka mmoja wa Kiesperanto utamaliza tatizo letu la Kiingereza. Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani kinatosha: kwamba mtoto atapata uzoefu wa kuimudu lugha ya kigeni hadi kuzungumza na kuandika barua fupi ndani ya mwaka mmoja. Wengi wa wanafunzi wetu hawajawahi kuupata uzoefu huo. Wanajifunza Kiingereza miaka na miaka, wanatoka wakiamini kwamba lugha ya kigeni ni kitu cha watu wenye vipaji maalumu, na imani hiyo wanaingia nayo katika Kifaransa, Kiarabu au Kichina.

Ni kwa sababu hiyohiyo napinga mtihani. Tuitazame Hungaria, nchi ambayo pengine imekwenda mbali kuliko zote katika kukipa Kiesperanto hadhi rasmi ya kielimu. Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd cha Budapest kilianza kukifundisha kama taaluma mwaka 1966. Mwaka 2004 taasisi ya isimu ya Akademia ya Sayansi ya nchi hiyo ilitoa maoni kwamba Kiesperanto ni lugha hai. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa chuo kikuu huko hakukabidhiwa shahada yake mpaka awe na cheti cha mtihani wa lugha ya kigeni unaotambuliwa na serikali, na Kiesperanto kilikuwa miongoni mwa lugha zilizokubaliwa. Vijana wakajiandikisha kwa wingi, hata kikawa miongoni mwa lugha zilizoongoza kwa idadi ya watahiniwa baada ya Kiingereza na Kijerumani. Sensa ya mwaka 2001 ilihesabu watu zaidi ya 4,500 waliosema wanakifahamu, na ya mwaka 2011 zaidi ya 8,000. Ni ongezeko la kweli. Lakini wengi wa watahiniwa walikichagua kwa kuwa kilikuwa njia fupi ya kufikia shahada. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, serikali iliwaruhusu waliokwisha kufaulu mitihani yao ya mwisho wapewe shahada bila cheti cha lugha, na sababu kubwa ya kukimbilia Kiesperanto ikapungua mara moja.

Tukikiingiza Kiesperanto kwenye mtihani wa taifa, tutavuna hayohayo. Vitatokea vitabu vya maswali na majibu, wanafunzi watakariri viambishi kumi vinavyopendwa na watunga mitihani, na ule uhuru wa kujenga neno ambalo mwalimu hajalitaja, ambao ndio thamani yote ya somo hili, utakuwa kosa la kukatiwa alama.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa lugha hii hulipitia haraka, nami sitaki kulificha. Kiesperanto husemwa kuwa hakiegemei upande wowote. Kisiasa ni kweli, kwa kuwa hakuna dola inayokimiliki. Kimsamiati si kweli. Patro ni baba, akvo ni maji, birdo ni ndege, hundo ni mbwa: karibu mizizi yote imetoka Ulaya. Mtoto wa Italia hulipokea neno akvo bila jasho, na mtoto wa Kisukuma hulikariri kama anavyokariri neno lolote geni. Yeyote atakayelianzisha somo hili kwetu awaambie watoto ukweli huo siku ya kwanza, kwa sababu wataugundua wenyewe.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Mwalimu, nashukuru kwa uzi wenye maelezo ya kina. Mimi nafundisha sekondari ya kata, na shida yangu ni ratiba. Mtoto wetu anakuja na lugha ya nyumbani, anafundishwa kwa Kiswahili, kisha anavushwa ghafla kwenda Kiingereza anapoingia kidato cha kwanza. Hapohapo kuna Kifaransa, Kiarabu na Kichina kwa shule zenye walimu. Kichina kina Taasisi za Confucius katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, kina ufadhili wa masomo na kina wafanyabiashara wanaotafuta wakalimani. Kifaransa kina majirani zetu wa Kongo na Burundi. Kiesperanto hakina ubalozi utakaotuletea hata kamusi moja. Kama kuna saa moja ya ziada kwa wiki, kwa nini isiongezwe kwenye Kiingereza ambacho ndicho kinachowaangusha watoto?

Mchangiaji wa pili

Naomba nami niseme. Sisi tayari tuna lugha ambayo si ya kabila moja, iliyokua kwa biashara na safari, iliyosanifiwa kwa makusudi kuanzia mwaka 1930 ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na inayotamkwa kama inavyoandikwa. UNESCO iliitengea Kiswahili siku ya tarehe 7 Julai kwa azimio la mwaka 2021, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake rasmi ya kazi. Kazi aliyoiota Zamenhof, Kiswahili kinaifanya kwa mamilioni ya watu. Nguvu zetu zote zielekezwe huko. Kumfundisha mtoto wa Tanzania lugha ya kubuni kutoka Ulaya ni kumwongezea mzigo wa mawazo ya watu wengine.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru wote wawili, kwa sababu mmegusa mahali penye uzito.

Nianze na ratiba. Saa ninayoizungumzia sitaki iongezwe juu ya zilizopo. Nataka itolewe katika vipindi vya Kiingereza vya mwaka huo mmoja, na najua hilo litawaudhi wengi. Sababu yangu ni kwamba saa ya ziada ya Kiingereza, ikifundishwa kwa namna ileile, kwa darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, huzaa matokeo yaleyale. Mtoto asiyeelewa kwa nini kitenzi kimebadilika haelewi zaidi kwa kuambiwa mara ya sita. Katika Kiesperanto -as ni wakati uliopo, -is uliopita na -os ujao, kwa nafsi zote na kwa vitenzi vyote. Akishazoea kuuliza kitenzi hiki kiko katika wakati gani, atarudi kwenye Kiingereza na swali sahihi, hata kama majibu ya huko yatamchosha. Na iwapo baada ya mwaka mmoja katika shule chache za majaribio tutaona hakuna tofauti yoyote, basi somo liondolewe. Hilo ndilo jaribio ambalo mimi ningependa liendeshwe hapa, na lifundishwe na walimu wa kawaida ambao hawana mapenzi yoyote na Kiesperanto.

Kuhusu ubalozi na ufadhili, ni kweli tupu. Hakuna dola nyuma ya lugha hii, na historia yake shuleni inaonyesha gharama ya jambo hilo. Mwezi Aprili 1922 walimu kutoka nchi nyingi walikutana Geneva, katika Sekretarieti ya Shirikisho la Mataifa (lililotangulia Umoja wa Mataifa), kujadili ufundishaji wa Kiesperanto mashuleni. Mwaka huohuo waziri wa elimu wa Ufaransa, Léon Bérard, akapiga marufuku kufundishwa kwake katika shule za nchi hiyo, kwa hofu kwamba kingeinyang'anya lugha ya Kifaransa nafasi yake duniani. Baadaye, mwaka 1938, waziri Jean Zay alikiruhusu shuleni. Mwaka 1985, katika mkutano wake wa Sofia, UNESCO ilizialika nchi wanachama kuingiza mashuleni masomo kuhusu tatizo la lugha na kuhusu Kiesperanto, na mwaliko huo umebaki kwa sehemu kubwa kwenye makaratasi. Lugha yenye jeshi na benki haipati misukosuko ya aina hii. Lakini sisi walimu hatuwezi kuacha dola za nje zituchagulie kile kinachomfaa mtoto wetu kichwani kwa sababu tu zimekuja na vitabu.

Kwa ndugu aliyezungumzia Kiswahili: nakubaliana naye karibu kwa kila neno, isipokuwa hitimisho lake. Mimi simtaki mtoto atumie Kiesperanto badala ya Kiswahili katika jambo lolote la maisha yake. Lakini Kiswahili hakiwezi kumfundisha mtoto wa Kitanzania jinsi ya kujifunza lugha ya kigeni, kwa sababu kwake si ya kigeni. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kingekuwa somo la hiari katika shule zake kuanzia mwaka 2020, nasi sote tulifurahi. Tulifurahi ingawa wengi wa watoto wa huko hawakuwa na ajira inayowasubiri kwa sababu ya Kiswahili. Tuliamini kwamba lugha humfungulia mtoto jambo ambalo halionekani kwenye tangazo la kazi. Imani ileile naomba tuitumie hapa, kwa somo dogo la mwaka mmoja.

Mchangiaji wa tatu

Mimi naona tatizo jingine. Mtoto akijifunza Kifaransa anapata riwaya, nyimbo na watu. Lugha iliyotungwa mezani haina utamaduni, hivyo somo litakuwa kama hesabu za maneno. Halafu, tuseme nimeshawishika, klabu ya shule inaanzia wapi bila fedha?

Mwanzisha uzi

Ndugu, lugha hii imeshatimiza zaidi ya miaka 130, na wanaoitumia wameishi na kufa kama watu wengine. Zamenhof alikuwa na watoto watatu, nao wote waliuawa na Wanazi: Adam alipigwa risasi mwaka 1940, Zofia na Lidia waliangamizwa katika kambi ya Treblinka mwaka 1942. Katika Umoja wa Kisovieti, mwaka 1937 na 1938, wazungumzaji wengi wa Kiesperanto walikamatwa na kuuawa kwa kosa la kuwasiliana na watu wa nje. Mshairi wa Uskoti William Auld alichapisha utenzi wake mrefu, La infana raso, mwaka 1956, akiwa ameuandika moja kwa moja kwa lugha hii. Wikipedia ya Kiesperanto ina makala zaidi ya 300,000. Wapo hata watu waliolelewa nayo tangu utotoni kwa sababu ndiyo lugha iliyowakutanisha baba na mama. Utamaduni wake ni mdogo ukilinganisha na wa Kifaransa, lakini upo, na mtoto wa mwaka wa kwanza anaweza kuufikia, jambo ambalo sivyo lilivyo kwa riwaya za Kifaransa.

Kuhusu klabu, fedha si kikwazo kikubwa. Tovuti ya lernu.net, iliyoanzishwa mwaka 2002, inafundisha bure kabisa. Kozi ya Duolingo, ambayo ilitoka mwaka 2015 kwa wanaojua Kiingereza, nayo ni ya bure, ila kwa watoto wetu wengi Kiingereza chake kitakuwa kizuizi, kwa hiyo naishauri kwa mwalimu zaidi kuliko kwa wanafunzi. Mwalimu ajipe miezi mitatu ya kujifunza mwenyewe kabla ya kumwita mtoto yeyote. Akianza, wiki ya kwanza iwe ya kusoma kwa sauti na kusalimiana tu. Wiki ya pili aingize o, a na e za mwishoni (za nomino, kivumishi na kielezi) pamoja na vitenzi vya sasa. Kiambishi mal- kije wiki ya tatu, kwa kuwa kinazidisha msamiati maradufu kwa siku moja, na -n ya yambwa isubiri hadi mwezi wa pili, watoto wakishakuwa na sentensi zao wenyewe za kuiwekea alama hiyo.

Baada ya muhula mmoja watafutiwe darasa la kuandikiana nalo. Wazungumzaji wa karibu wapo Burundi na Kongo, na wa mbali kidogo wapo Togo na Benin. Barua ya kwanza iwe fupi, yenye jina, umri, kijiji na chakula anachokipenda mtoto, na mwalimu asiisahihishe zaidi ya pale ambapo maana inapotea. Shule isiyo na intaneti nayo isikate tamaa: kanuni zote 16 zinaenea kwenye karatasi moja iliyoandikwa pande zote mbili, na karatasi hiyo mwanafunzi anaweza kuinakili mwenyewe kwa mkono katika kipindi kimoja.